Vichujio Vilivyobaki

Mdogo wangu aliporudi kutoka Kibondo, kitu cha kwanza nilichokitazama ni miguu yake. Alishuka kwenye basi akiwa na kandambili, na mikanda yake ilikuwa imezama kwenye nyama. Nilimkalisha juu ya begi lake hapohapo stendi ya Kasulu, nikambonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo. Nilipotoa kidole, shimo lilibaki. Lilikaa pale kama alama kwenye unga uliokandwa, likijaa polepole, na mimi nikaendelea kulitazama kwa sababu nilikuwa nimewahi kuliona kwenye miguu ya baba.

"Dada, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Umeanza lini kuvimba?"

"Wala sijavimba. Kule kwenye mashine nasimama kutwa."

Alikuwa akiendesha mashine ya kusaga mihogo kule Kibondo, na unga ulikuwa bado umemganda nyuma ya masikio. Mtu mwingine angemtazama usoni angesema mji umempenda, amenenepa. Mimi nilimwona baba.

Baba alikufa akiwa amevimba hivyohivyo, kwanza miguu, kisha uso, mpaka macho yakawa mistari. Kijijini kwetu, upande wa Rungwe Mpya, wapo waliosema ametupiwa kitu na mtu waliyegombea naye shamba. Wazee waliovuka naye kutoka Burundi alipokuwa mtoto walisema ni ugonjwa wa ukoo. Hakuna aliyepima chochote. Mama naye hakukaa sana baada yake. Nilikuwa darasa la sita. Nilirudisha vitabu vya shule kwa mwalimu, nikashika jembe, na wadogo zangu watatu wakakulia mgongoni mwangu. Huyu wa Kibondo ndiye anayenifuata. Alinisaidia kubeba wengine wakati yeye mwenyewe alikuwa bado wa kubebwa.

Basi sikumpeleka nyumbani. Nilimpeleka hospitali pamoja na begi lake.

Nesi aliyempima presha alitazama mashine, akambadilishia mkono, akapima tena, kisha akaenda kuleta mashine nyingine. Walichovya kijiti kwenye mkojo wake, kikageuka rangi mbele ya macho yetu. Wakamtoa damu. Mchana wakatuambia, kwa sauti ya chini kama watu wanaoongea karibu na mtoto aliyelala, kwamba figo zake zimechoka sana, na kwamba umri wake na umri wa figo zake haulingani. Nikauliza kama presha ndiyo iliyoharibu figo, au figo ndizo zilizoleta presha.

"Hilo swali lako ndilo lililowaleta wale," daktari wa zamu akasema, akionyesha kwa kidevu chumba cha mwisho cha jengo.

Wale walikuwa watu wa utafiti. Kiongozi wao alikuwa daktari mwanamke, mfupi, mwenye raba miguuni na kicheko kinachotokea puani. Alituambia wanafuatilia watu wa huku milimani wenye figo na presha, mwaka baada ya mwaka, waone figo zinakufaje hatua kwa hatua na ni nini kinachoweza kuzichelewesha. Akauliza kama kuna mtu wa kwetu aliyewahi kufa amevimba.

"Baba," nikasema.

Akaacha alichokuwa akifanya. Aliuliza uvimbe ulianzia wapi, kama mkojo wake ulikuwa na povu, kama alikuwa akiamka usiku mara kwa mara kwenda nje, kama alilalamika kichwa. Nilijibu yote. Nilishangaa kwamba nayajua yote. Miaka yote hiyo kifo cha baba kilikuwa maneno ya watu tu, na sasa mtu ambaye hakuzaliwa huku, hamjui hata jirani yetu mmoja, alikuwa akikifuata ndani ya mwili wa baba kana kwamba njia bado ipo.

"Pole sana," akasema. "Basi na wewe nakuhitaji. Damu ni moja."

Tulirudi nyumbani kila mmoja na dumu lake jeupe. Sheria ilikuwa hii: mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, halafu kila tone la mchana na la usiku linaingia dumuni, mpaka na ule wa asubuhi ya pili. Ukisahau mara moja unaanza upya. Ilikuwa wakati wa kupalilia maharage, na maharage hayangoji, kwa hiyo tulienda shambani na madumu yetu tukayaweka kivulini chini ya migomba. Jirani yetu mmoja, mzee anayependa urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, akapita na kuyaona.

"Mwakeye," akasalimu. "Naona leo mmekuja na kinywaji."

"Ego, mzee wetu," mdogo wangu akaitikia.

"Na mmekificha ili wengine tusikione."

"Bado hakijaiva."

"Mimi nakunywa hata kisichoiva."

"Hiki ukikinywa utazijua siri za ukoo wetu wote."

Mzee akacheka bila kujua anacheka nini, akaenda zake akigeuka nyuma. Mimi nilikuwa nimegeukia upande wa pili, napalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Kesho yake kijana wa bodaboda aliyetupeleka hospitali naye alitaka kujua.

"Dada, hayo yasimwagike, siti yangu mpya. Ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya watu wanaouliza maswali."

Lakini kule kwenye chumba cha mwisho hakuna aliyecheka. Mtu wa maabara aliupokea mkojo wetu kwa mikono miwili. Aliumimina kwenye chombo chenye mistari, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na mstari, kama fundi anayepima ukuta, akakaa hivyo kwa muda. Sijawahi kuona mkojo ukipewa heshima namna ile. Akachukua kidogo cha mdogo wangu, akakizungusha kwenye mashine, akaweka tone juu ya kioo chini ya hadubini. Alipoona nimesimama mlangoni, akasogea.

"Njoo uone."

Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha jicho likazoea, na kukawa na uwanja wa mwanga, na katika huo uwanja vijiti vifupi, vinene, vyenye ncha za mviringo, vimelala huku na huku kama magogo baada ya mafuriko. Nikauliza kama ni wadudu.

"Si wadudu. Ndani ya figo kuna mirija myembamba sana. Protini ikivuja inaganda mle ndani, inachukua umbo la mrija, halafu mkojo unaisukuma nje. Unachokiona ni umbo la ndani ya figo ya mdogo wako."

Nilirudisha jicho. Nimemwogesha huyo mtoto. Nimemtoa funza, nimemnyoa, nimemfunga jeraha la jembe. Nilidhani naujua mwili wake kuliko yeye mwenyewe. Na sasa nilikuwa naona sehemu zake ambazo hata mama aliyemzaa hakuziona, na nilitaka kuvua viatu.

Baadaye daktari alitulaza mmoja mmoja, akatupaka mafuta ya baridi ubavuni na kutupitishia kile chombo cha ultrasaundi. Alianza na mimi. Kwenye kioo kulikuwa na ukungu wa kijivu unaotembea, na ndani ya ukungu akaonyesha kitu chenye umbo la haragwe, kimetulia, kikipanda na kushuka kila nilipovuta pumzi.

"Ndiyo hiyo. Nzuri sana. Hujawahi kuifanyia chochote, sivyo?"

"Sijawahi hata kuifikiria."

"Nayo haijawahi kulala tangu ulipokuwa tumboni mwa mama yako."

Ya mdogo wangu ilikuwa ndogo, na iling'aa mahali ambapo yangu ilikuwa nyeusi. Daktari akasema huko kung'aa ni makovu. Alichukua muda mrefu kuipima. Kisha akafuta mafuta, akavuta kiti na kutueleza, na sijapata kueleza jambo lingine kwa wadogo zangu mara nyingi kama hilo.

Alisema kila figo ina vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, karibu milioni moja. Mtu huzaliwa navyo na havioti vingine. Damu yote ya mwili hupita hapo tena na tena kutwa kucha. Kinachofaa hurudishwa, kisichofaa hutolewa, na hufanyika hivyo bila mwenye mwili kujua.

"Sasa vikifa nusu," akasema, "kazi haipungui. Inabaki ileile. Vilivyobaki vinagawana kazi ya vilivyokufa. Vinatanuka, vinajikaza, presha inapanda ndani ya kila kimoja. Na mtu hajisikii chochote, kwa sababu kazi inafanyika. Ila kujikaza huko ndiko kunakoviua na vyenyewe. Vikifa vingine, vinavyobaki vinagawana tena."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Kumbe vina dada mkubwa," mdogo wangu akasema.

Daktari akacheka puani, halafu akaniangalia mimi, akaacha kucheka.

Akatoa vidonge. Alisema kidonge hiki hakirudishi kilichokufa. Kazi yake ni kufungua mlango wa kutokea wa kila kichujio kilichobaki, presha ya ndani ishuke, kiendelee na kazi bila kujikaza mpaka kufa. Kina tabia moja ya kuangaliwa: kinabakiza potasiamu mwilini, madini ambayo figo nzima huyatoa bila shida lakini figo iliyochoka hushindwa. Kwa hiyo damu itapimwa mara kwa mara. Na chumvi ipungue, ibaki kidogo sana. Figo zikifa kabisa, akasema, kuna mashine za kusafisha damu, lakini ziko mbali na kwetu na mgonjwa huzirudia wiki hadi wiki. Kati ya mdogo wangu na mashine hizo kulikuwa na kidonge kile.

Kwetu tunakula sinia moja. Kumpikia mtu chungu chake peke yake ni kumtenga na walio hai. Baba ndiye aliyepikiwa hivyo, mwishoni kabisa, na hakuna kati yetu aliyesahau. Kwa hiyo sikumpunguzia mdogo wangu chumvi. Niliiondoa nyumbani. Ile chumvi ya Uvinza tuliyoizoea, nzito, ya kijivujivu, nikaigawa kwa majirani.

Maharage yasiyo na chumvi yana ladha ya gunia. Wadogo zangu walikula wakitazamana. Mgonjwa alikula matonge machache, akasema ameshiba, na nguo zikaanza kumpwaya. Ndipo masenge alipokuja. Masenge ndivyo tunavyomwita shangazi, dada wa baba. Anaishi Titye, na akisikia kuna mgonjwa kwetu huja na mkeka wake na hulala mpaka aone mwisho wa jambo. Alionja chakula, akaweka tonge chini.

"Kuna msiba hapa?"

"Hapana, masenge. Daktari amekataza chumvi."

"Amekataza chumvi, au amekataza mtoto wa kaka yangu kula?"

"Chumvi, masenge."

"Chumvi ya dukani hiyo. Sisi tulipovuka, duka tulilijua? Bibi yenu alitulea bila duka, na mnaniona meno yangu yote yapo." Akayaonyesha. Hayakuwa yote, lakini hakuna aliyemwambia.

Asubuhi aliwatuma wadogo zangu wakusanye maganda ya ndizi na mashina makavu ya maharage. Aliyachoma mpaka yakawa majivu meupe laini. Akachukua chungu kikuukuu kilichotobolewa chini, akakitandika nyasi, akajaza majivu, akakipachika juu ya sufuria na kumwaga maji polepole. Kisha akakaa. Baada ya muda tone la kwanza likaanguka, rangi ya chai ya rangi, kisha la pili. Kilichobaki juu kilikuwa tope lisilofaa, na kilichodondoka kilikuwa safi na kikali kinachouma ulimi kwa utamu wa chumvi. Nilisimama nikitazama, na niliona chungu kile kinafanya kazi niliyoelezwa na daktari, kinachuja, tone kwa tone. Nilifurahi moyoni. Niliona kama wote wawili, daktari na masenge, wanazungumza lugha moja.

Siku hiyo mdogo wangu alikula mpaka akalamba vidole. Masenge alimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwenye shamba lake.

Kila tulipoenda kliniki waliuliza kama tumeacha chumvi. Tulijibu tumeacha, na ulikuwa ukweli. Majivu hayakutujia akilini. Kwetu majivu ni kitu cha jikoni kama maji na moto. Hakuna anayeulizwa amekula nini akataja moto.

Kabla ya kipimo kilichofuata cha damu, kilianza na miguu tena, ila safari hii haikuvimba. Mdogo wangu alisema ni mizito kama ya mtu mwingine. Alijaribu kuinua mkungu wa ndizi, akauacha. Kisha akaniambia moyo wake unaruka hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikamweka kwenye bodaboda kati yangu na dereva ili asianguke.

Hospitalini walichukua damu, na majibu yalipotoka watu wale niliowazoea kuwaona wakitembea wakaanza kukimbia. Walimbandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka mashinani, na juu ya karatasi moyo wake ulikuwa umejichora wenyewe, milima mirefu yenye ncha, imepangana. Sikujua maana yake, lakini niliona daktari alivyoitazama. Walimwekea dripu, wakamchoma dawa moja baada ya nyingine, na daktari hakuondoka mpaka milima ilipoanza kufupika. Tuliiona ikifupika. Kitu kisichoonekana kilikuwa kinaingia mshipani kwa mkono wake, na upande wa pili moyo wake ulikuwa ukiandika kwamba umekipokea.

Alipotulia, daktari aliniita pembeni.

"Potasiamu ilipanda mno. Ingepanda kidogo zaidi, moyo ungesimama. Nimesimamisha kidonge."

"Na vile vilivyobaki?"

"Vitarudi kujikaza."

"Utakirudisha lini?"

"Nikijua potasiamu imetoka wapi. Kidonge peke yake kisingeifikisha pale. Kama sijui, siwezi kumrudishia, dada. Nitakuwa namwua kwa moyo ili nimwokoe kwa figo."

Akauliza yote. Ndizi? Kidogo. Parachichi? Msimu bado. Dawa za kienyeji? Hapana. Chumvi zile za pakiti zinazouzwa kwa wagonjwa? Hatuzijui. Akaanza upya, kwa utaratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Mboga mnapikia nini?"

"Mawese."

"Na nini?"

"Kitunguu. Maji."

"Maji na nini?"

Nilikuwa nafikiri. Mdogo wangu akajibu kutoka kitandani, macho yamefumbwa.

"Maji ya majivu."

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, ambacho kilikuwa wazi, na mikono yake ikatulia mapajani.

Kesho yake alikuja nyumbani. Masenge alimpokea kama mgeni wa harusi, akamfutia kigoda, akampeleka moja kwa moja kwenye chungu. Daktari alichuchumaa mbele yake. Alitazama matone kwa muda mrefu, akauliza ni maganda gani, yanachomwa vipi, maji hupitishwa mara ngapi. Akachovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Mama, hii ni kazi nzuri kweli."

"Nikufungie kwenye kibuyu ukampikie mumeo?"

"Nitachukua, lakini nikaipime."

"Ipime. Utakuta haina chumvi hata chembe."

"Najua haina," daktari akasema. Akanitazama.

Nilielewa kwamba wa kumwambia masenge ni mimi. Kwetu chakula alichokileta masenge hakikataliwi, na mgeni hawezi kumwambia neno hilo mama mtu mzima mbele ya wana wa kaka yake. Nilimwambia kwa Kiha, kwa sababu kwa Kiswahili lingekuwa kali mno. Nilimwambia kwamba mgomba unanyonya nguvu kutoka ardhini, na nguvu hiyo haiungui. Ukiuchoma inabaki kwenye majivu, na maji huibeba. Kwa mtu mwenye afya ni sawa, figo huitoa. Za mtoto wetu haziwezi tena. Nikasema moyo wake ulikuwa karibu kusimama.

Masenge alisikiliza akiangalia chungu.

"Kwa hiyo nilikuwa namwua."

"Ulikuwa unamlisha, masenge. Asingekula, angeisha."

Kuku walipita kati yetu. Kisha masenge akasema, kwa Kiswahili, ili daktari naye asikie:

"Kaka yangu alipovimba, chungu chake nilikipika mimi. Na majivu haya haya. Yeye chumvi ya dukani ilikuwa haimpandi."

Hata mimi nilikuwa sijui. Nilimwangalia daktari. Nilitaka aseme kitu, na niliogopa kitakachosemwa. Alisogea, akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na raba zake nyeupe.

"Mama, kwa yale niliyosikia kwa huyu dada, figo za kaka yako zilikuwa zimekwisha kabla hujawasha moto. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo, kwa sababu hakuna aliyempima. Lakini huyu tunampima. Na wewe ndiye umenionyesha mahali pa kutazama."

"Mimi?"

"Nimekaa huku siku nyingi, nimeuliza watu chumvi, nimeuliza dawa. Majivu sikuuliza."

Masenge akainuka. Aliinua sufuria iliyokuwa imejaa nusu, akaenda nayo mpaka kwenye mgomba ulio karibu na jiko, akaimwaga shinani.

"Uchukue nguvu yake," akasema, akaingia ndani. Alikaa humo mpaka mgeni alipoaga. Jioni alitoka na kuuliza kama tangawizi nayo imekatazwa. Haikuwa imekatazwa. Tangawizi ipo tele kwetu, na ndimu, na vitunguu, na tangu hapo maharage yetu yana harufu ambayo majirani huja kuiulizia.

Tukaanza kungoja. Damu ilipimwa, potasiamu ikawa imeshuka, lakini daktari akasema bado. Ikapimwa tena. Katika siku hizo nilikuwa nikiamka alfajiri na kulala nimetulia, nikifikiria vile vichujio vya mdogo wangu chumba cha pili, ambavyo havijawahi kuambiwa kwamba kidonge kimesimamishwa, vinajikaza tu kwa sababu kazi ipo. Sikuwa na cha kuvifanyia. Nilikuwa napitisha mkono ubavuni mwangu, mahali daktari alipopaka mafuta, nikiwaza kwamba hata hapa kuna wafanyakazi ambao sijawahi kuwalipa hata kwa wazo.

Halafu siku moja kipimo kikakaa mahali pake, na kiliporudiwa kikakaa. Daktari alitoa kidonge kwenye kopo mbele yetu. Alianza na nusu. Mdogo wangu alikimeza na maji ya bomba la uani, na mimi nilimtazama koo likipanda na kushuka.

Sasa ni muda tangu siku hiyo. Kila anayeingia chumba kile cha mwisho anaulizwa kuhusu majivu, na masenge, ambaye amehamisha mkeka wake kurudi Titye, huwaambia watu wa huko kwamba lile swali ni lake, wamelichukua kwake. Mara ya mwisho tulipokwenda, daktari alitugeuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na nukta, kila moja kipimo kimoja cha damu ya mdogo wangu kinachoonyesha nguvu ya figo zake, na mstari uliozipitia. Mwanzo ulikuwa unateremka kama barabara inayoshuka bondeni. Mahali fulani kuna nukta moja iliyoanguka peke yake. Ni ile siku ya majivu. Baada yake mstari unainuka kidogo, halafu unakwenda karibu sawasawa mpaka ukingoni.

"Hazijapona," daktari akasema. "Nisikudanganye. Na siku moja zinaweza kuanza kushuka tena. Lakini vichujio vilivyobaki vimebaki."

Niliomba kuutazama tena. Baba naye alikuwa na mstari wake, na ulishuka mpaka chini bila mtu kuuona. Huu tuliuona. Watu waliupata kwenye tone la damu, kwenye dumu la mkojo, kwenye karatasi iliyoandikwa na moyo, wakaushika usianguke.

Tulirudi kwa miguu mpaka njia panda, kwa sababu mdogo wangu alisema anajisikia kutembea. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga, na vilimwenea. Tulipofika kwenye mikaratusi akanipa begi lake.

"Nisubiri, dada."

"Si umetoka kwenda kule hospitali?"

"Ile ilikuwa ya kipimo. Hii ni yangu."

Akaingia nyuma ya miti. Lori la mihogo likapita, vumbi likatua, na katika utulivu uliofuata nikausikia mkojo wake ukianguka juu ya majani makavu, kwa nguvu, kwa muda mrefu. Nilisimama kando ya barabara nimeshika begi, na sikumharakisha.